Insha ya Sosholojia: "nadharia zimebandikwa tu". Mwalimu anataka nini hasa?

Binti_Muyeye

Assalaam aleikum wadau, hamjambo nyote.

Niko mwaka wa kwanza wa diploma ya ustawi wa jamii hapa Malindi. Somo la Utangulizi wa Sosholojia lina kazi mbili kabla ya mtihani: insha ya maneno 1,500 kuhusu utalii na vijana wanaoacha shule, kisha hojaji ndogo ya watu 30 juu ya mada hiyo hiyo. Rasimu ya insha imerudi na maandishi mekundu pembeni: "Maelezo mengi, uchambuzi hakuna. Nadharia zimebandikwa tu." Aya yenyewe ni hii, nimeigeuza Kiswahili kwa sababu darasani tunaandika Kiingereza:

"Utalii umesababisha vijana wengi wa Malindi kuacha shule. Kwa mujibu wa nadharia ya uamilifu, utalii una faida kwa jamii. Kwa mujibu wa nadharia ya mgogoro, utalii una hasara. Kwa mujibu wa nadharia ya mwingiliano wa ishara, vijana huwasiliana na watalii na kuiga mambo yao."

Kubandika nadharia ni kufanyaje, na kutobandika ni kufanyaje? Kwenye hojaji nimepanga kwenda ufuoni kuhoji vijana 30 walioacha shule, niwaulize kama sababu ni utalii. Inatosha? Na haya majina ya wanasosholojia, Durkheim, Weber, Merton, Mead na wenzao, mtu anayasoma vipi yasichanganyike siku ya mtihani?

Mkwezi_Mambrui

Dada usijisumbue. Sosholojia ni akili za kawaida zilizovishwa suti. Andika unachokiona mtaani, maksi zitakuja.

Maalim Shee

Wa aleikum salaam mwanangu. Mkwezi nimjibu kwa mkato: akili za kawaida zinatuambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na papo hapo zinatuambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Hatutupi hata moja. Kila siku tunachomoa ile inayotufaa. Sosholojia inalazimika kuchagua, iseme ni ushahidi gani ungeiangusha, halafu iende kuutafuta.

Sasa aya yako. Umegeuza uamilifu kuwa "faida", mgogoro kuwa "hasara", na mwingiliano wa ishara kuwa "kuongea". Jaribu hivi: futa jina la nadharia, uisome sentensi tena. "Utalii una faida kwa jamii." Sentensi hiyo haikumhitaji Durkheim wa uamilifu wala yeyote. Nadharia ikitoka na aya ikabaki vile vile, ilikuwa imebandikwa. Mwalimu wako hakumaanisha zaidi ya hapo.

Uamilifu huuliza taasisi inaifanyia nini jamii nzima, na taasisi ikilegea, kazi yake inashikwa na nani. Robert Merton alitenganisha kazi dhahiri (iliyokusudiwa) na kazi fiche (isiyokusudiwa). Kazi dhahiri ya shule ni kusoma, kuhesabu na cheti. Kazi fiche ni kama kuwazuia vijana wasiingie soko la ajira mapema, kuwapa wazazi nafasi ya kwenda kazini, na kukalisha dawati moja mtoto wa Kigiriama, wa Kibajuni na wa kutoka bara. Angalia sasa utalii kwa jicho hilo. Kijana anayejifunza Kiitaliano ufuoni kwa masikio tu amepata nje ya shule ujuzi ambao shule yake haimpi, na unaomlipa. Merton anaita hiyo amilifu mbadala, yaani kitu kingine kinachofanya kazi ile ile. Umeona kwamba hatujasema faida wala hasara? Merton mwenyewe alisisitiza kwamba kuna mambo yanayovuruga mfumo, kwa hiyo anayeandika "uamilifu huona mazuri tu" amepotea.

Huyo huyo Merton aliandika mwaka 1938 kuhusu lengo na njia. Jamii inamwambia kila mtu atafute mafanikio, lakini njia halali hazigawanywi sawa. Hapo watu wanaachana mara tano: anayekubali lengo na njia (mtiifu), anayekubali lengo na kutafuta njia nyingine (mbunifu), aliyekata tamaa ya lengo lakini bado anafuata njia (mshika utaratibu), aliyeacha vyote viwili (aliyejitoa), na anayetaka kuweka lengo na njia mpya kabisa (mwasi). Wanafunzi wengi huwatia walioacha shule wote kwenye ubunifu. Anayeuza safari za mashua bila leseni ni mbunifu, sawa. Anayekaa kijiweni kutwa akitafuna majani ya muguka amejitoa. Na usimsahau yule anayevaa sare kila asubuhi huku ameshajua hatafaulu: hajaacha shule, ila naye ni mshika utaratibu. Ukimtaja huyo, mwalimu atajua umeuelewa mgawanyo huo badala ya kuukariri.

Mgogoro huuliza nani ana nini, alikipataje, na nani ananufaika mambo yakiendelea yalivyo. Hapa historia ya pwani inakusaidia sana na sijui kwa nini wanafunzi wa Malindi huiacha. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1963. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai alisajili. Familia nyingi za Kimijikenda zilibaki zikilima ardhi isiyo na hati kwa jina lao, na wajukuu wao ndio leo wanaitwa maskwota. Kwa hiyo "utalii una hasara" ni kauli fupi mno. Uliza: hoteli imesimama juu ya ardhi ya nani, mshahara wa mhudumu unapangwa na nani, na mtoto wa mwenye hoteli anasoma wapi.

Mwingiliano wa ishara (Mead ndiye chimbuko, Herbert Blumer ndiye aliyeupa jina mwaka 1937) huteremka mpaka kwa watu wawili wanaotazamana. Shule ina maana gani kwa kijana huyu, na maana hiyo aliipata kwa nani? Mwalimu akishamwita mtoto "bichiboi" mbele ya darasa kwa sababu alionekana ufuoni Jumamosi, wenzake wanamtendeaje Jumatatu? Howard Becker alijenga hoja hiyo mwaka 1963: ukengeushi (tabia inayohesabiwa kuvunja kanuni) unategemea pia nani amepewa jina hilo na nani analigawa.

Sasa zigombanishe. Usiziweke kila moja kwenye kiti chake zikasubiri zamu. Aya yako ingeweza kusomeka hivi:

"Shule huahidi kwamba anayesoma atapata kazi. Kwa kijana wa mtaa wenye ajira chache za kudumu, ahadi hiyo inashindana na ufuo, ambako pesa inaonekana siku hiyo hiyo. Merton angesema lengo la kujipatia mali limebaki lile lile ila njia halali imebana, hivyo baadhi yao wanabuni njia nyingine. Maelezo haya yanatabiri kwamba walioacha shule bado wanaithamini elimu na wangerudi kama njia ingefunguka. Mtazamo wa mgogoro unauliza zaidi: kwa nini njia imebana kwa hawa na haikubana kwa watoto wa wenye ardhi na hoteli? Ikiwa kuacha shule kunafuata umiliki wa ardhi nyumbani kuliko ukaribu na hoteli, maelezo ya kwanza hayatoshi."

Kuna neno moja la kuondoa kabisa: "umesababisha" katika sentensi yako ya kwanza. Hujalithibitisha. Andika "unahusishwa na" au liulize kama swali. Juu ya hojaji namwachia Karani, ndiyo kazi yake.

Karani_wa_Hojaji

Asante Maalim. Dada, mpango wako wa ufuoni utakupa jibu hata kabla hujaondoka nyumbani, na jibu lenyewe litakuwa la uongo.

Ukihoji walioacha shule peke yao, huna wa kuwalinganisha nao. Chukua namba za mfano (nimezitunga, usizinukuu). Vijana 30: 14 wanatoka nyumba yenye mtu anayepata riziki kwa utalii, 16 hawatoki. Walioacha shule ni 6 katika wale 14, na 7 katika wale 16. Ungehoji hao 13 walioacha tu, ungekuta 6 ni wa nyumba za utalii na ungeandika "karibu nusu ya walioacha shule wanatoka nyumba za utalii, kwa hiyo utalii unachangia". Ukiweka wote 30 mezani unaona asilimia 43 upande mmoja na 44 upande wa pili. Hakuna tofauti. Kosa hilo lina jina kwenye vitabu vya mbinu, ni kuchagua sampuli kwa kufuata matokeo, na ndilo linalovunja kazi nyingi za mwaka wa kwanza. Tena ufuoni kwenyewe umeshachagua watu wa utalii.

Badala yake chukua vijana wa miaka 18 hadi 24, walioacha na wasioacha, ukawatafute majumbani. Umri wa 18 na kuendelea unakuepusha na kutafuta ridhaa ya mzazi. Chagua mitaa miwili inayotofautiana, kwa mfano Shella na Muyeye, watu 15 kila mtaa. Anzia mahali pasipo na maana yoyote (kona ya msikiti, duka), kisha kila nyumba ya 5. Hakuna mtu? Rudi mara moja, akikosekana tena nenda ya jirani na uandike kwamba umebadilisha. Wakiwa vijana wawili nyumba moja, chukua ambaye siku yake ya kuzaliwa iko karibu; usichukue yule mchangamfu. Nenda baada ya alasiri na asubuhi za Jumapili. Ukienda asubuhi za katikati ya wiki utakutana na wasio na kazi na wasio chuoni, halafu utashangaa namba zimepinda.

Kabla ya kuandika swali hata moja, geuza kila neno kubwa kuwa kitu kinachoweza kujibiwa.

"Kuacha shule": alitoka kabla ya kumaliza kidato cha 4, na sasa hasomi popote. Amua mapema utamweka wapi aliyehamia chuo cha ufundi, maana yupo tu, utamkuta.

"Utalii": kuna mtu wa nyumba hiyo aliyepata pesa kwenye hoteli, ufuo, vinyago, mashua au kuendesha wageni katika miezi 12 iliyopita? Miezi 12, tafadhali, usiseme wiki iliyopita. Malindi ya Desemba na Malindi ya Mei, mvua za masika na hoteli zimefunga milango, ni miji miwili. Swali la "wiki iliyopita" likiulizwa Mei litafuta nusu ya watu wa utalii.

Halafu mpangilio wa wakati. Uliza aliacha shule mwaka gani, na alipata pesa yake ya kwanza ya utalii mwaka gani. Aliyeacha mwanzo akaingia ufuoni baadaye kwa kukosa la kufanya hawezi kuwa ushahidi kwamba ufuo ulimtoa shule. Swali hili moja lina thamani kuliko mengine yote kwenye karatasi yako.

Ongeza sababu zinazoshindana: karo na gharama, matokeo ya mtihani, ugonjwa au msiba, ndoa au mimba, umbali. Elimu ya msingi bure tangu 2003 na ruzuku ya sekondari za kutwa tangu 2008 havikuondoa sare, chakula na madeni ya shule, kwa hiyo usiandike "elimu ni bure" ukaliacha. Weka pia swali la ardhi alilolidokeza Maalim: nyumba wanayokaa iko kwenye ardhi yenye hati ya familia, ya kupanga, au bila hati?

Jinsi ya kuuliza: "Huoni kwamba utalii umeharibu vijana?" ni swali linalomshika mtu mkono kumpeleka unakotaka. "Uliacha kwa sababu ya karo na utalii?" ni maswali mawili kwenye kinywa kimoja, akisema ndiyo, hujui amekubali lipi. Bora: "Ni jambo gani hasa lililokufanya uache wakati ule?" umwache aseme, ndipo uweke alama kwenye orodha. Usimsomee orodha kwanza. Mapato yaulizwe mwisho, kwa makundi, maana mtu akikasirika hapo angalau mengine umeshapata. Maswali 12 hadi 15 yanatosha. Wazee wa nyumba wakizungumza Kigiriama, mpate mtu akutafsirie maswali mapema na mwingine ayarudishe Kiswahili bila kuona ya kwanza. Yakirudi tofauti, rekebisha. Kisha jaribu kwa watu 3 au 4 ambao hawamo kwenye 30. Swali ambalo wote wanaomba urudie, libadilishe.

Mimba na ndoa usiulize mama mtu akiwa ubavuni. Ukiona hakuna faragha, ruka. Mambo ya dawa za kulevya na biashara ya ngono usiyaguse kabisa kwenye zoezi la darasa. Ukiyaandika na daftari likipotea, umemdhuru mtu kwa ajili ya maksi.

Jina na namba ya simu havihitajiki. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inavihesabu data binafsi. Andika M01, M02. Beba barua ya chuo, umwone mzee wa mtaa kabla ya kupiga hodi. Utafiti rasmi nchini unataka leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kwa zoezi la darasani muulize mwalimu chuo kina utaratibu gani.

Mwisho, watu 30 ni wachache. Kwenye ripoti andika "6 kati ya 14", asilimia iwe kwenye mabano. Na usiseme "vijana wa Malindi". Sema vijana 30 wa mitaa miwili.

Amu_Langoni

Nduzanguni wa Malindi, kazi nzuri. Nina ubishi kidogo na huu utatu wa nadharia. Ni mpangilio wa vitabu vya kiada tu, hasa vya Marekani, na unamwacha Weber bila pa kukaa. Wengine wanamtia kwenye mgogoro karibu na Marx, basi.

Marx anapanga watu kwa uhusiano wao na nyenzo za uzalishaji. Weber anasema kuna tabaka, kuna hadhi, na kuna makundi ya kutafuta nguvu, na vitatu hivyo huweza kuachana. Mfano uko Lamu. Mtaa wa Mkomani una majumba ya mawe ya koo zilizoheshimika kwa vizazi. Langoni ndiko walikokaa wengi waliohesabiwa wageni na watu wa chini. Mtu anaweza kuwa na ukoo unaotajwa kwa heshima huku dari la nyumba linaanguka na hana pesa ya kulikarabati: hadhi juu, tabaka chini. Mwingine ana maduka na bado akienda kuposa anaulizwa ni mtoto wa nani. Ukitumia Marx peke yake hutamwona yeyote kati ya hao wawili sawasawa.

Na kwenye mamlaka, Weber ana aina tatu: ya mila, ya karama (mvuto wa mtu mwenyewe) na ya kisheria. Habib Swaleh, mwanachuoni wa Kiislamu aliyekuja Lamu kutoka Ngazija, alipata wafuasi kwa karama yake ya elimu na ucha Mungu, na wengi walikuwa wale walioachwa pembeni na waungwana. Abdul Hamid el-Zein aliliandika hilo kwenye utafiti wake wa Lamu uliochapishwa 1974. Karama hufa na mwenyewe isipogeuzwa utaratibu. Leo Riyadha, msikiti wake, ina chuo, warithi, na Maulidi yenye ratiba kila Mfungo Sita. Hapo umeeleza jinsi karama inavyogeuka kuwa kawaida, jambo ambalo kwenye mitihani huandikwa kwa mstari mmoja usio na mfano.

La pili, Ibn Khaldun. Alizaliwa Tunis 1332, akafa Cairo 1406, na Muqaddima aliimaliza 1377, zaidi ya miaka 450 kabla Auguste Comte hajaliweka neno sosholojia kwenye maandishi. Lakini usiandike "ndiye baba wa sosholojia" ukanyamaza kama umefunga hoja. Tumia asabiya yake: mshikamano wa kundi unaolipa nguvu za kutawala, kisha anasa ya mjini inaulegeza mpaka kundi jingine linakuja. Ifananishe na mshikamano wa Durkheim uone zinapoachana. Durkheim anauliza kinachoshika jamii isisambaratike. Ibn Khaldun anauliza kwa nini walioshikamana jana hawashikamani leo, na jibu lake lina mzunguko ndani yake.

Kwa insha ya dada: hadhi ingemsaidia. Kijana anayerudi nyumbani na pesa ya ufuo amepanda kitabaka. Je, mtaani amepanda kihadhi?

Binti_Muyeye

Shikamoo Maalim, na ahsanteni sana Karani na Amu. Nimebadilisha hojaji: Shella na Muyeye, 15 kwa 15, na swali la miaka limeingia. Yamebaki mawili. Mtihani ni wa saa 2, swali la kwanza ni la lazima na lina maksi 30, halafu tunachagua mawili ya 20. Na je, nikikuta hakuna tofauti kama kwenye mfano wa Karani, si kazi itakuwa imeharibika?

Maalim Shee

Marahaba. Dakika 10 za mwanzo soma karatasi yote na uchague. Zinabaki 110: toa 47 kwa swali la kwanza na 31 kwa kila moja la haya mawili. Wanaoanguka wengi hutumia saa nzima kwenye swali la kwanza kwa kuwa ndilo wanalolijua, kisha swali la mwisho linapata mistari sita.

Majina usiyasome kwa orodha ya wasifu. Yasome kwa jozi zinazochanganywa, kwa sababu watahini huuliza hapo hapo:

Mshikamano wa kimakanika na wa kiogani (Durkheim, 1893). Wa kimakanika ni wa watu wanaofanana kazi na imani. Wa kiogani ni wa watu wanaotegemeana kwa sababu kazi zao ni tofauti. Jina linadanganya: mtu husikia "makanika" akawaza viwanda vya mjini, akageuza kinyume.

Anomia na utengano. Anomia ya Durkheim ni kanuni zimelegea, mtu hajui kiasi cha kutosheka. Utengano wa Marx ni mfanyakazi kutenganishwa na anachozalisha, na tendo lenyewe la kazi, na utu wake, na wenzake. Dawa zao nazo haziendani: mmoja anataka kanuni zirudi, mwingine anataka umiliki ubadilike.

Mvutano wa dhima na mgongano wa dhima. Mvutano uko ndani ya cheo kimoja: mwalimu anayetakiwa awe mkali na awe mlezi. Mgongano ni vyeo viwili: mwalimu huyo huyo ni mama na mwanawe anaumwa siku ya mtihani.

Utafiti wa Durkheim wa 1897 juu ya kujiua karibu haukosi. Wanafunzi hukariri aina nne kama beti. Shika mistari miwili tu: ushikamano (mtu kufungamana na wenzake) na udhibiti (kanuni kumbana mtu). Ushikamano ukipungua mno ni ya kibinafsi, ukizidi mno ni ya kujitolea. Udhibiti ukipungua mno ni ya kianomia, ukizidi mno ni ya kukata tamaa. Sasa aina nne zinajipanga zenyewe. Ongeza kasoro mbili. Alitegemea takwimu za serikali, na Jack Douglas mwaka 1967 alihoji namna vifo vinavyopewa jina hilo na maofisa tangu mwanzo. Tena viwango vya maeneo havikupi ruhusa ya kusema juu ya mtu mmoja mmoja aliyeko ndani yake.

Kitenzi cha swali ndicho kinachotoa maksi. "Fafanua" ya maksi 2 ni sentensi ya maana na mfano. "Tofautisha" inataka msingi mmoja wa kulinganisha kila mara, si aya ya huyu na aya ya yule. "Tathmini" bila upungufu haivuki nusu. Na mifano iwe ya huku. Mtahini amesoma mfano wa familia ya Marekani mara nyingi mno. Mfano wa Mambrui ulioshikana na dhana utamfanya ainue kichwa.

Mkwezi_Mambrui

Haya, Mambrui tumeingia kwenye mtihani. Suti nimeivua.

Karani_wa_Hojaji

Dada, "hakuna tofauti" ni matokeo kamili. Utaandika hivi: katika vijana 30 wa mitaa hii miwili, kuacha shule hakukutofautiana kati ya nyumba zenye mapato ya utalii na zisizokuwa nayo. Kisha angalia swali la miaka: wangapi waliingia utalii kabla ya kuacha, wangapi baada? Kisha ardhi, kisha karo, jedwali moja moja, safu mbili nguzo mbili, usichanganye vitu vitatu ndani ya jedwali moja kwa watu 30, utabaki na visanduku vyenye mtu mmoja. Ukiona kisanduku kina chini ya watu 5, taja idadi, usitoe asilimia.

Usirudi mtaani kuongeza watu mpaka namba zikubaliane nawe. Na usibadilishe maana ya "kuacha shule" baada ya kuona majibu; ukibadilisha, useme kwenye ripoti na uonyeshe hesabu zote mbili.

Upungufu uandike kwa jina lake: sampuli ndogo, majibu ya kukumbuka mambo ya miaka iliyopita, waliohama Malindi kwenda Mombasa au Nairobi hawamo. Upungufu huo wa tatu ni mzito, kwa sababu wanaohama huenda ndio waliofaulu au ndio walioshindwa kabisa, na nyumba zao zitakupa habari yao ukiuliza "kuna kijana mwingine wa nyumba hii anayeishi kwingine?"

Kwenye kiambatisho weka hojaji tupu, na tarehe za kuhoji. Zilizojazwa zibaki kwako, zifunge mahali mpaka maksi zitoke, halafu uzichane.